Umenunua kwa makosa mtandaoni: ughairi, urejeshe, au ukiuze hapa hapa Zanzibar?

Wifi yangu wa Wete anapika keki za harusi. Usiku mmoja, Isha imeshasaliwa, alinipigia simu sauti imemkauka: "Wifi, nimekosea, na pesa nimeshalipa." Alikuwa amenunua mashine ya kukorogea unga kwenye soko moja kubwa la mtandaoni. Chini ya picha ya mashine palikuwa na visanduku viwili vidogo, kimoja kimeandikwa 220V na chengine 110V. Kidole kilimwangukia cha pili, naye hakuona mpaka alipoisoma risiti. Umeme wa kwetu ni wa volti 230. Mashine ya volti 110 ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Wete, itaungua kabla mayai hayajachanganyika na sukari.

Sikumuuliza bei. Nilimuuliza: "Muuzaji ameshaituma?"

"Bado. Imeandikwa inatayarishwa."

"Basi usilale. Tuifanye sasa hivi."

Nina duka dogo Mlandege na kazi yangu ni kuwaagizia watu vitu. Haipiti wiki bila ya mtu kuja na kosa la namna hii: saizi siyo, rangi siyo, vitu kumi badala ya kimoja, au intaneti ilikuwa nzito akabonyeza mara mbili na sasa ana oda mbili. Wote huuliza kama kughairi kunawezekana. Mimi nimejifunza kuwa jibu halitokani na kosa lenyewe. Linatokana na mzigo uko wapi saa hiyo. Ukiwa bado mkononi mwa muuzaji, pigania kughairi. Ukiwa umeondoka lakini umesimama kwenye ghala au kwa jamaa wa ng'ambo, ipo nafasi ya kati ambayo wengi hawaijui. Ukishashuka bandarini kwetu au Posta, hesabu zote zinageuka, na mara nyingi kukiuza hapa hapa ndiko kwenye nafuu. Sisi ni watu wa visiwani. Kila kinachoingia kimelipiwa njia ya kuja, na ukitaka kitoke utalipia njia ya kurudi. Maelekezo ya masoko makubwa hayakuwekei hesabu hiyo, kwa sababu yameandikwa kwa mtu anayekaa karibu na ghala lao.

Saa ya kwanza, na kwa nini masoko hayafanani

Watu huyaweka masoko yote ya nje kwenye fungu moja. Kwenye suala la kughairi yanatofautiana sana, na tofauti hiyo inafaa uijue kabla hujachagua pa kununua.

Kwenye eBay, ikiwa haijapita saa moja tangu ununue, unaingia kwenye orodha ya vitu ulivyonunua, unaifungua oda na kuomba ighairiwe. Saa ikipita, inabidi umwandikie muuzaji mwenyewe umweleze. Kwa hali zote mbili muuzaji ndiye mwenye uamuzi. Ombi likimfikia ana siku 3 za kulijibu, na halazimiki kukubali. Hapa wengi huteleza: wanabonyeza, wanaona maandishi ya ombi, wanalala wakijua mambo yamekwisha. Kumbe wameomba tu. Muuzaji akiwa ameshautuma mzigo atakataa, na kitakachobaki ni kurejesha, tena kama tangazo lake lilisema anapokea marejesho.

Amazon ni rahisi zaidi kwenye hatua hii, khasa kitu kikiwa kinauzwa na Amazon yenyewe. Maadamu oda haijaingia kwenye hatua ya kusafirishwa, unaifuta mwenyewe kwenye orodha ya oda zako, bila ya kumbembeleza mtu. Ikishaingia, mlango huo umefungwa, na unahamia kwenye utaratibu wa kurejesha. Vitu vingi vina siku 30 za kurejeshwa. Kwa mtu wa Chicago siku 30 ni nyingi. Kwa mtu wa Mwanakwerekwe ambaye mzigo wake bado unatafuta ndege, hazitoshi kitu.

AliExpress, ambako wateja wangu wengi hununua, ina mambo mawili ya kuyashika. La kwanza, kama umeweka oda na hujalipa, usihangaike. Iache tu, itajifunga yenyewe muda wake ukifika. La pili, kama umelipa na muuzaji hajatuma, omba kughairi ukichagua sababu ya kweli, kwamba umechagua vibaya au hukihitaji tena. Akishatuma, nafasi hiyo imepita. Hapo pesa yako bado inashikiliwa na soko mpaka uthibitishe kuwa umepokea, au muda wa ulinzi wa mnunuzi uishe, na hiyo ndiyo nguvu yako. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "thibitisha kwanza umepokea halafu nitakurejeshea", usithibitishe hata kidogo. Ukithibitisha umemkabidhi pesa, na ahadi yake imebaki maneno matupu.

Nikiulizwa nimwelekeze wapi mtu mwenye kidole chepesi, nitamwambia anunue pale ambapo pesa inashikwa na soko, na ambapo muuzaji huchukua siku moja mbili kutuma. Watu hulalamika kuwa wauzaji wa China wanachelewa. Kwa mwenye kukosea, ule ucheleweshaji ndio unaomwokoa.

Mnada ni habari nyengine. Vijana wetu wanaotafuta vipuri vya Vespa za zamani huingia sana kwenye minada ya eBay, na kosa la kawaida ni nukta: mtu anakusudia kuandika 25.00 anaandika 250. Kosa la tarakimu linakubalika kuwa sababu ya kuondoa dau, kwa sharti uweke mara moja dau sahihi. Kama mnada umebakisha zaidi ya saa 12, unaweza kuliondoa, na madau yako yote kwenye kitu hicho yataondoka. Zikibaki chini ya saa 12, unaweza kuondoa dau uliloliweka ndani ya saa moja iliyopita tu. Kwamba umebadili mawazo haihesabiwi kuwa sababu. Na mnada ukimalizika wewe ndiye mshindi, umeshanunua. Rudi kwenye utaratibu wa kuomba kughairi niliokwisha kuueleza.

Wale wa oda mbili kwa sababu ya intaneti nzito, nawaomba jambo moja: kabla ya kughairi chochote, fungua ujumbe wa benki au wa pesa za simu uhakikishe umekatwa mara ngapi. Nimewahi kumpokea kijana aliyeghairi oda iliyolipwa, akaiacha ile ambayo haikulipwa, akasubiri mzigo mwezi mzima.

Turudi kwa wifi. Tuliandika mistari mitatu tu: namba ya oda, kosa lenyewe kwamba amechagua 110V badala ya 220V, na ombi la kughairi kabla haijatumwa. Tena tukaongeza kuwa atanunua hiyo hiyo ya 220V kwa muuzaji huyo huyo. Hili la mwisho lilikuwa la kweli, na lina uzito. Muuzaji anayejua kuwa mteja hakimbii hujibu kwa moyo mwengine.

Kuhusu pesa kurudi, watu huwa na wasiwasi mkubwa na wana haki. Pesa hurudi kule kule ilikotoka. Wengi hapa wanalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyofunguliwa ndani ya pesa za simu, na wanapoghairi huifunga kadi kwa kuogopa kukatwa tena. Usiifunge mpaka pesa irejee, la sivyo unaanza safari nyengine ya kuitafuta. Tegemea siku kadhaa za kazi. Na kwa kuwa umekatwa kwa dola na utarudishiwa kwa dola, kiasi cha shilingi utakachokiona kinaweza kupungua kidogo, kwa sababu bei ya kununua dola na bei ya kuuza hazilingani. Hakuna aliyekuibia hapo. Lakini ihesabu kuwa ni sehemu ya gharama ya kosa.

Muuzaji wa WhatsApp na Instagram

Huku hakuna kitufe. Kuna mtu. Soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wateja wangu wengi wanaponunua ndani ya nchi hununua kwa mtu aliyeweka picha Instagram au kwenye hali yake ya WhatsApp, duka liko Kariakoo au Darajani, malipo kwa lipa namba au kwa namba ya simu. Kwenye masoko ya matangazo ya mtandaoni kama lile liitwalo Jiji, kwa kawaida mnaonana na muuzaji, unakiangalia kitu kwa macho yako, ndipo unalipa. Kosa la kubonyeza halina nafasi kubwa, na kwa kitu cha bei kubwa mimi huipenda njia hiyo kuliko zote.

Ukilinganisha na soko la nje, faida na hasara zimebadilishana viti. Kule una kanuni zilizoandikwa na pesa iliyoshikwa, lakini hujui unazungumza na nani. Huku pesa imeshaingia mfukoni mwa mtu, hakuna wa kuishika, lakini mtu huyo ana jina, ana duka, ana jirani, na anaogopa kusemwa. Na muda ni mfupi zaidi. Mzigo wa Kariakoo ukipelekwa bandarini asubuhi, boti inachukua kama saa mbili tu kufika Malindi. Kwa hivyo kughairi kwa muuzaji wa Dar ni suala la saa, si la siku. Watu wa Pemba hapa wana nafasi ya ziada: mzigo wao mara nyingi hulala Unguja ukisubiri chombo cha kwenda Mkoani au Wete, na ukiwahi kumpigia anayeupokea, unaweza kuzuiwa Malindi na kurudishwa na boti inayofuata kabla haujavuka mara ya pili.

Piga simu kwanza, halafu andika. Simu ni ya kumwahi asifunge mzigo. Maandishi ni ya ushahidi. Wengi hufanya kinyume: wanaandika ujumbe mrefu wa lawama usiku, muuzaji anausoma asubuhi mzigo ukiwa uko baharini.

Na zungumza kwa adabu. "Assalaam alaykum kaka, mimi ndiye niliyelipia kiatu namba 42 jana jioni. Nimekosea, nilitaka 39. Kama hujakifunga naomba unibadilishie, na kama huna basi tuvunje biashara. Gharama ya bodaboda kama imeshatoka nitailipa mimi." Maneno kama haya yamerudisha pesa nyingi kuliko vitisho vyote nilivyowahi kuvisikia.

Kuna elimu ya dini ndani ya jambo hili ambayo wazee wetu waliijua vizuri sokoni, na sisi tumeisahau tulipohamia kwenye simu. Mnunuzi na muuzaji wana khiyari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana kwenye kikao chao. Wanaweza pia kuwekeana sharti la khiyari, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ukomo wake ni siku tatu. Tena ipo khiyari ya aibu, pale bidhaa inapokuwa na kasoro iliyokuwepo kabla ya kununuliwa. Sasa tazama kosa lako liko wapi. Kama umechagua mwenyewe namba 42 na ukaletewa namba 42 nzima, bidhaa haina aibu. Huna cha kumdai muuzaji.

Lakini unacho cha kumuomba, nacho ni iqala: mnunuzi aliyejuta anaomba biashara ivunjwe, na muuzaji anamkubalia. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, iliyomo kwenye Sunan Abi Daud na Ibn Majah, mwenye kumkubalia Muislamu kuivunja biashara ameahidiwa kuwa Mwenyezi Mungu naye atamwondolea makosa yake. Asili ya iqala ni kurudishiana kwa bei ile ile, bila ya kuongeza wala kupunguza. Kwa hivyo muuzaji anayekata fungu la pesa kwa jina la "faini" kwa kuwa wewe umejuta, mkumbushe kwa upole. Gharama ya kweli iliyokwisha kutoka, kama bodaboda ya kwenda bandarini, lipa wewe kwa moyo safi, maana kosa ni lako.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ya njia nyengine ambayo nimeiona ikitumika na inaniuma. Mtu ananunua, anajuta, halafu anapiga namba 100 kwa kampuni yake ya simu na kudai ametuma pesa kwa namba isiyo yake, ili muamala uzuiwe. Huduma ile imewekwa kwa aliyekosea namba kweli. Muuzaji ametoa kitu chake, pesa yake inashikwa, na anaanza kuhangaika kuthibitisha haki yake. Huo ni uongo na ni dhulma, hata kama kiasi ni shilingi elfu tano. Na kwa upande wa manufaa tu, haukufikishi mbali: muuzaji akionesha mazungumzo yenu ya WhatsApp, wewe ndiye utakayeulizwa.

Upande wa pili, kama muuzaji ndiye aliyekosea au amekudanganya, ameonesha kitu hiki akaleta kile, usikubali kuambiwa "kilichouzwa hakirudi". Hilo si kosa lako tena, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Weka picha ya tangazo, risiti ya malipo na mazungumzo. Piga picha ya kioo cha simu mapema, kwa sababu tangazo linaweza kufutwa wakati wowote.

Jengine la haraka: ukianza kuhangaika kurudishiwa pesa, matapeli hunusa. Atakupigia mtu anayejiita huduma kwa wateja, atataka namba yako ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe ili "akurejeshee". Pesa inayorudi haihitaji namba yako ya siri. Kata simu, na namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kituo cha kati

Kati ya muuzaji na Zanzibar, mizigo mingi husimama mahali. Watu huiona hatua hii kama ya kusubiri tu. Mimi huitumia kukagua.

Ukinunua China kwa kupitia wakala, muuzaji hupeleka mzigo kwenye ghala la wakala, tuseme Guangzhou, na hapo unasubiri kontena lijae. Sheria ya China ya kulinda watumiaji, tangu tarehe 15 Machi 2014, inampa mnunuzi wa rejareja wa mtandaoni siku 7 tangu kupokea kurejesha bidhaa bila ya kutoa sababu, isipokuwa vitu kama vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja, vinavyoharibika upesi, au programu zilizokwisha kupakuliwa. Nauli ya kurejesha ni ya mnunuzi, lakini ni nauli ya ndani ya China, siyo ya kuvuka bahari. Kwa hivyo mwambie wakala akufungulie boksi, akupigie picha, apime kwa futi kamba, na afanye hivyo siku ile ile mzigo unapofika. Anaweza kutaka malipo kidogo. Mlipe. Kontena likishafungwa, nafasi hiyo hairudi. Anayenunua kwa jumla moja kwa moja kiwandani asitegemee siku hizi. Yeye anafuata alichokubaliana na kiwanda.

Njia ya pili ni jamaa. Familia nyingi hapa zina mtu London, Muscat au Dubai, na vitu huja ndani ya sanduku la likizo. Aliye na jamaa Uingereza ana bahati kubwa zaidi kwenye suala letu. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 zinampa mteja siku 14 tangu apokee kitu alichonunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, atoe taarifa kuwa ameghairi, bila ya sababu yoyote, kisha siku 14 nyengine za kukirudisha. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina siku 14. Haki hii haipo ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza kitu chake cha nyumbani, hata kama amekiweka kwenye soko kubwa, wala kwa kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Na kwa sisi tunaoogopa volti, umeme wa Uingereza na plagi yake ya pini tatu ni kama wetu.

Marekani hali ni tofauti. Watu hudhani kuna siku tatu za kughairi chochote. Kanuni ya siku tatu ya kule inahusu mauzo ya mlangoni na ya mahala pa muda, haigusi ununuzi wa mtandaoni. Huko unategemea ukarimu wa duka lenyewe. Na vifaa vyao ni vya volti 120.

Ila jamaa naye ni mtu. Ana kazi, ana watoto, na kumtuma Posta na boksi la kilo nane kwa sababu wewe hukusoma maelezo ni kumbebesha mzigo usio wake. Kwa kitu kidogo cha bei ndogo, mwambie akilete tu, tutajua la kufanya.

Kimeshafika

Wakati wifi anahangaika na mashine, alikuwa na kosa jengine kabatini. Wiki tatu nyuma alikuwa amepokea treya sita za keki. Kwenye maelezo alisoma "10" akajua inchi. Zilikuwa sentimita. Treya ya inchi 10 ina upana wa zaidi ya sentimita 25. Aliyoletewa yeye inakaa kwenye kiganja.

Hapa ndipo ulinganisho unapouma. Treya zilimgharimu shilingi 54,000 pamoja na usafirishaji. Muuzaji hakuwa na kosa, vipimo viliandikwa, na alisema anakubali zirudishwe kwa gharama ya mnunuzi. Gharama aliyotajiwa wifi ya kuzirudisha China kwa njia yenye namba ya kufuatilia ilikaribia bei ya treya zenyewe. Pesa ingerudi baada ya mzigo kufika salama, na nauli ya kuja isingerudi kabisa. Ukipiga hesabu unaona umelipa mara mbili ili urudi na pungufu ya ulichoanza nacho.

Wengine wana fikra ya kukiacha kitu Posta wasikichukue, wakidhani kitajirudi chenyewe na pesa pia. Kukiacha Posta siyo kughairi. Kwa muuzaji, yeye ametimiza lake. Kwa soko, mnunuzi hakuchukua mzigo. Unaweza kukosa kitu na pesa pamoja. Na kama umeshalipia ushuru kukitoa, gharama hiyo iongeze kwenye upande wa hasara ukifikiria kurejesha.

Kwa kitu cha bei kubwa hesabu inaweza kugeuka. Simu au kompyuta mpakato ya zaidi ya milioni moja, nyepesi, iliyofungwa bado, kwa muuzaji anayepokea marejesho: hapo nauli ni sehemu ndogo ya thamani, na kurejesha kuna maana. Ila uliza kwanza kama anapokea marejesho kutoka nje ya nchi yake, na kuhusu betri uliza Posta kabla hujafunga boksi, maana betri za simu zina masharti yake kwenye ndege. Kitu kizito cha bei ndogo, sahau kurejesha.

Kuna njia ya kukibakisha na kukirekebisha. Kwa vitu vya 110V watu hununua transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi, lakini iwe na uwezo wa wati zaidi ya kifaa. Mashine ya wati 1,000 haitaki transfoma ya 500. Transfoma ya kiasi hicho ni nzito na ina bei yake. Tena kuna jambo ambalo transfoma haiwezi kulibadilisha: umeme wa Marekani una hezi 60 (yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wetu 50, na baadhi ya mota zilizotengenezwa kwa 60 zikipewa 50 huenda polepole na hupata moto. Kwa taa au chaja sawa. Kwa mota ya kukanda unga kila siku, sikushauri.

Ndiyo maana kwa vitu vingi vilivyokwisha kushuka naelekeza kwenye kuuza hapa hapa, tena mapema, kikiwa bado na nailoni yake. Weka kwenye hali ya WhatsApp, kwenye kikundi cha mtaa, au kipeleke kwa mwenye duka anayeuza vitu vya aina hiyo. Punguza bei kidogo usione uchungu. Fikiria nauli uliyookoa. Na useme kila kitu. Ukiuza kifaa cha 110V, andika wazi kuwa ni cha 110V na kinataka transfoma. Ukinyamaza, aliyenunua anaweza kukiunguza na nyumba juu yake. Na hapo ile khiyari ya aibu inakugeukia wewe: umeficha kasoro, ana haki ya kukurejeshea.

Treya za wifi alizichukua mwalimu wa skuli moja ya maandalizi Chake Chake, anayewapikia watoto vikeki vya kila mtu chake siku ya mahafali. Alilipa shilingi 40,000 na alifurahi, kwa sababu saizi ile alikuwa anaitafuta. Hasara ya wifi ikawa shilingi 14,000.

Mashine nayo, muuzaji alijibu kabla ya Alfajiri kuwa amekubali kughairi. Pesa ilirudi siku ya tisa, imepungua shilingi elfu chache kwa sababu ya dola. Wifi aliweka oda mpya jioni ile ile. Kabla ya kulipa alinitumia picha ya kioo cha simu yake, kisanduku cha 220V amekizungushia mstari mwekundu, na chini yake ameandika: "Wifi, nibonyeze?"